Kubadili balbu za nyumba nzima kuwa LED: mwongozo kamili, kuanzia kwenye mita hadi balbu ya mwisho

Watu wengi ninaowajua walijaribu LED mara moja tu, wakaichukia, wakarudia balbu zao za zamani. Ukiwauliza kisa, utasikia mambo matatu: mwanga ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, taa ilikuwa inapepesa, au ilikufa mapema kuliko ilivyoahidiwa kwenye kisanduku. Nimekagua taa kadhaa za namna hiyo, kwangu na kwa jamaa, na karibu kila mara balbu yenyewe haikuwa na kosa. Ilinunuliwa kwa kutazama wati peke yake, kisha ikafungwa mahali ambapo haikufaa. Nitakupitisha njia niliyoipita nilipobadili nyumba nzima, pamoja na makosa niliyoyafanya, ili wewe ubadili mara moja na usirudi nyuma.

Umeme unakwenda wapi

Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa tungsteni ndani ya kioo. Umeme ukipita, uzi unapata moto unaozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, ndipo unang'aa. Katika kila wati 100 inazokula balbu hiyo, zinazogeuka kuwa mwanga wa kuonekana hazizidi 10 hivi. Zilizobaki zote ni joto. Ukiigusa ikiwa inawaka, kinachokuunguza ni umeme uliokwisha kuulipia. Balbu ya halojeni ni ndugu yake wa tumbo moja: inakula kidogo chini yake, lakini nayo ni ya uzi na joto.

LED haichomi kitu. Umeme hupita katika kipande kidogo sana cha semikondakta kinachotoa mwanga wa bluu, na mwanga huo hupenya utando wa kemikali inayogeuza sehemu yake kuwa manjano. Bluu na manjano zikichanganyika, jicho huona nyeupe. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, lakini ya bluu yenye nguvu ya kutosha ilisubiri hadi miaka ya 1990, na waliofanikiwa kuitengeneza, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bila bluu hiyo tusingekuwa na mwanga mweupe wa LED nyumbani.

Katikati ya hizo mbili kuna balbu za mirija iliyojisokota, ambazo wengi huziita enaji seva. Zinabana umeme vizuri, ila ndani yake kuna zebaki kidogo, na hilo nitalirudia mwishoni.

Hatua ya 1: Isome mita kabla ya kununua chochote

Mita nyingi za kisasa zina kitaa kidogo kinachomweka kadiri umeme unavyotumika, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima.

Jioni moja, chomoa kila kitu kwenye soketi, friji pia kwa dakika hizo chache, kisha washa taa zote za ndani. Simama mbele ya mita ukiwa na saa na uhesabu mimweko ya dakika moja. Kwenye mita ya 1000, balbu moja ya wati 60 hutoa mmweko mmoja kila dakika. Balbu kumi za namna hiyo zitatoa kumi. Iandike namba utakayoipata, tutaihitaji.

Sasa zunguka nyumba na daftari. Kwa kila taa andika iko wapi, balbu yake ni ya aina gani na wati ngapi, kitako chake kikoje, iko wazi au imefunikwa na kioo kilichoziba, na, muhimu kuliko yote, inawaka saa ngapi kwa siku. Usikadirie kwa kujipendelea. Ile ya varanda unayodhani inawaka saa mbili huenda inakesha.

Safu hiyo ya saa ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia. Hesabu ni nyepesi: wati mara saa kwa siku, mara siku 365, gawa kwa 1,000. Balbu ya wati 60 ya sebuleni inayowaka saa 5 kila siku hula karibu yuniti 110 kwa mwaka. LED ya wati 9 yenye mwanga ule ule hula 16 na kitu. Umeokoa yuniti 93 kwa balbu moja. Chukua sasa balbu kama hiyo ya stoo, inayowaka dakika 10 kwa siku: kwa mwaka mzima inakula yuniti kama 3 na nusu tu. Hata ukiiwekea LED bora kabisa duniani, utaokoa yuniti 3. Kwa hiyo kama fedha haitoshi kubadili zote kwa mpigo, usisikitike. Panga orodha kwa saa za kuwaka na uanze juu.

Ukitaka kujua lini balbu itakuwa imejilipa, zidisha yuniti inazookoa kwa mwezi (kwa ile ya sebuleni ni karibu 8) kwa bei unayolipia yuniti moja, kisha gawa bei ya balbu kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi.

Kuna jambo watu hulikosea hapa: kusubiri balbu ya zamani iungue kwanza. Kwa balbu ya uzi na ya halojeni usisubiri, maana kila usiku inaowaka inakugharimu. Enaji seva ni habari nyingine. Ya wati 14 ikibadilishwa kwa LED ya wati 9, kwa saa zile zile 5 unaokoa yuniti 9 tu kwa mwaka, kwa hiyo mimi huiacha ife yenyewe.

Hatua ya 2: Kitako na volti

Hili ni fupi. Balbu ya kuzungusha ya kawaida ni E27, na hiyo 27 ni upana wa kitako kwa milimita. Ndogo yake ni E14. Ya pini mbili za pembeni, inayosukumwa na kupindwa kidogo, ni B22. Taa ndogo za dari zenye miguu miwili minene ni GU10. Ukikuta miguu miwili myembamba kama sindano, yaelekea ni GU5.3 ya volti 12, na juu ya dari kuna transfoma. Hapo simama kwanza, kwa sababu transfoma iliyozoea mzigo mkubwa wa halojeni mara nyingi hushindwa kuiendesha LED ya wati 5 bila kupepesa, na itabidi fundi umeme aibadilishe.

Soma pia volti kwenye balbu. Nchi za volti 220 hadi 240 na zile za 110 hadi 120 hazibadilishani balbu, isipokuwa balbu iwe imeandikwa kwamba inakubali zote. Njia salama ni kwenda dukani na balbu ya zamani mkononi.

Hatua ya 3: Nunua lumeni, acha wati

Tumezoea kusema "nipe ya wati 60" kana kwamba wati ni mwanga. Wati ni ulaji. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na namba hiyo imeandikwa kwenye kisanduku. Hizi ndizo nilizozikariri:

- Balbu ya uzi ya wati 40 hutoa lumeni kama 450. LED ya wati 5 hivi inatosha.
- Ya wati 60 hutoa 800. Tafuta LED ya wati 8 au 9.
- Ya wati 75 hutoa 1,100. LED ya wati 11 au 12.
- Ya wati 100 hutoa 1,600. LED ya wati 14 hadi 17.

Usiyaamini maandishi makubwa yanayosema balbu "ni sawa na wati 100". Chukua lumeni, gawa kwa wati. Balbu za kawaida hutoa kati ya lumeni 80 na 120 kwa kila wati, na chache sana, za bei ya juu, hufika 200. Ukikuta balbu ya wati 5 inayodai lumeni 1,600, hiyo ni 320 kwa wati moja. Irudishe kwenye rafu. Na ikiwa kisanduku hakina lumeni kabisa, mimi sinunui, hata iwe rahisi namna gani.

Kuna faida moja watu hawaitumii. Taa nyingi, hasa zenye kivuli cha kitambaa au karatasi, zina kibandiko kinachokataza kuzidisha wati 40 au 60. Makatazo hayo yanatokana na joto. LED ya wati 12 iko mbali na kikomo hicho, ilhali inatoa mwanga wa balbu ya wati 75. Kile kitaa cha kusomea kilichokuwa hafifu miaka yote kinaweza kuongezwa mwanga bila hatari ya kuunguza kivuli chake.

Hatua ya 4: Rangi ya mwanga

Ningependa uzingatie hapa kuliko kwingine kote, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapokata tamaa na LED.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. Namba ikiwa ndogo mwanga unaelekea manjano, ikiwa kubwa unaelekea bluu. Balbu ya uzi uliyokua nayo ilikuwa karibu na 2700K. Sasa mtu ametoka kwenye mwanga huo maisha yake yote, anakwenda dukani, anachukua ya kwanza anayoiona, na mara nyingi ni ya 6500K, rangi ya anga la mchana lenye mawingu. Akiifunga sebuleni usiku, nyuso za watu zinapauka, kuta zinakuwa baridi, na anasema LED ni mbaya. LED haikuwa mbaya. Alinunua mchana akauleta ndani usiku.

Kwa sebule na vyumba vya kulala chukua 2700K au 3000K. Jikoni na mezani pa kazi, ambako unahitaji kuona vizuri unachofanya, 4000K ni nzuri. Ya 6500K ninaiweka stoo au karakana tu. Kuna sababu ya afya pia: mwanga wenye bluu nyingi wakati wa usiku huzuia mwili kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Chumba cha mtoto kikiwa na taa ya 6500K hadi saa tatu usiku, usishangae akikataa kulala. Na nje, mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wa bluu.

Namba ya pili inayohusu rangi ni CRI, au Ra, inayoeleza jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu. Balbu ya uzi ina 100 au karibu sana. LED nyingi zina 80, na hiyo inatosha korido. Kwenye kabati la nguo na kwenye kioo cha kujitazamia tafuta 90. Niliigundua tofauti hiyo kwa soksi. Asubuhi moja nilifika kazini nikiwa na soksi moja nyeusi na nyingine bluu ya giza. Chini ya taa ya chumbani, ya CRI 80, zilikuwa zimefanana kabisa. Nilipofunga ya 90 nilizipanga tena, na jozi tatu zikatengana.

Kabla ya kununua za nyumba nzima, nunua moja ya rangi unayoifikiria. Ifunge kwenye chumba unachokaa zaidi na ukae nayo usiku mbili. Usiku wa kwanza haukuambii kitu, jicho bado linalinganisha. Ikikufaa usiku wa pili, nunua zilizobaki, na zote za chumba kimoja ziwe za chapa moja na kelvini moja. Balbu mbili tofauti kwenye dari moja huonekana kama kosa hata kwa mtu asiyejua sababu.

Hatua ya 5: Mahali panapohitaji uangalifu

Taa iliyoziba. LED haina joto la balbu ya uzi, lakini joto lake dogo linakusanyika kitakoni, ambako kuna saketi inayoiendesha. Saketi hiyo ikioka, balbu hufa mapema, hata kama taa zenyewe za ndani ni nzima. Bafuni kwangu palikuwa na bakuli la kioo lililofungwa kwa skrubu tatu. LED ya kwanza ilidumu miezi mitano. Nilipoitoa, plastiki ya kitako ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliyoiweka baadaye imeandikwa kwamba inafaa taa zilizofunikwa, na ya wati chache zaidi, na bado inawaka. Angalia maandishi hayo.

Dima. Ikiwa taa yako inapunguzwa mwanga kwa kitufe cha kuzungusha, balbu lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali dima. Hata hivyo, dima ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya mamia ya wati huenda isiendane nayo. Ukisikia mlio mwembamba au ukiona mwanga unacheza, dima ndiyo ya kubadilishwa.

Ndani ya oveni usiweke LED kamwe. Joto la humo litaiua, na pengine kuiyeyusha. Hapo balbu ya uzi inayostahimili joto inabaki.

Nje na bafuni, tazama alama ya IP ya taa nzima. IP44 inavumilia michirizi ya maji, IP65 inastahimili maji yanayopigwa moja kwa moja.

Jambo la mwisho: LED nyingi zina nusu ya chini ya plastiki isiyopitisha mwanga. Zikining'inia darini ni sawa, lakini kwenye taa ya mezani, ambako balbu inasimama wima, meza inabaki gizani. Kwa hapo chukua zile zenye vijiti vya LED ndani ya kioo kitupu, zinazomulika pande zote.

Hatua ya 6: Kubadilisha

Zima umeme kwenye swichi kubwa. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu katika nyumba nyingine imefungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta), na holda inabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Subiri balbu ipoe, dakika 10 kwa ya uzi au halojeni. Panda kitu kisichoyumba, mikono ikiwa mikavu. Ya kuzungusha ifungue kinyume na mshale wa saa. Ya pini isukume ndani kidogo ndipo uipinde. Kioo kikivunjika na kitako kikabaki ndani, kitoe kwa koleo yenye mpini wa mpira, umeme ukiwa bado umezimwa.

Kabla ya kufunga mpya, ichungulie holda kwa tochi. Miaka ya joto la balbu ya uzi hukausha plastiki na kuipasua. Ikiwa imeungua au inamong'onyoka, holda ibadilishwe kwanza. Kisha funga LED kwa kushika kitako chake, si kuba lake, na uishie inapokaza. Usiinyonge.

Taa ndefu za tyubu zina mambo yake. Kama inatumia starta na choki ya kizamani, tyubu nyingi za LED huja na starta yao maalumu: unatoa ya zamani, unaweka hiyo, unaweka tyubu, basi. Ile ya wati 36 inabadilishwa na ya wati 18 au chini yake. Ila kama ina balasti ya kielektroniki, yaani kisanduku cha saketi kinachofanya kazi ya choki na starta, tyubu inapaswa iwe imeandikwa kuwa inaafikiana nayo, au fundi aitoe balasti na kuunganisha waya upya. Usijaribu hilo mwenyewe kama huna ujuzi wa nyaya.

Ikiwa taa inaleta shida

Taa imezimwa lakini inabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli. Hili huwatisha watu. Huenda swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo gizani. Umeme kiduchu unaokiwasha hupita kwenye balbu, na LED inatosheka na kiduchu hicho. Badili swichi iwe isiyo na kitaa. Kama haina, mwambie fundi apime kwa testa kama swichi inakata waya wa moto au wa nyutro. Ikiwa ni wa nyutro, hilo ni kosa la usalama lililokuwapo siku zote na balbu ya uzi ilikuwa imelificha.

Inapepesa. Hamishia balbu kwenye taa nyingine. Ikipepesa huko nako, balbu ni mbovu, irudishe. Ikitulia, tatizo liko kwenye holda, dima au kiungo cha waya kilicholegea, na kiungo kilicholegea si cha kuachwa hadi kesho. Kuna mpepeso ambao jicho halioni lakini unaleta uchovu wa macho: ielekeze kamera ya simu kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inayotembea, usiiweke balbu hiyo mahali pa kusomea.

Na LED ya kawaida haiungui ghafla ikifika mwisho wake. Inafifia. Saa 15,000 au 25,000 zilizoandikwa kwenye kisanduku kwa kawaida ni muda hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 70 ya mwanzo.

Za zamani zinakwenda wapi

Balbu ya uzi na ya halojeni haina sumu. Ifunge kwenye karatasi nene ili kioo kisimkate mtu, uitupe. Enaji seva na tyubu za mwanga zina zebaki, na ndiyo sababu nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zinaziondoa hatua kwa hatua. Zikusanye kwenye boksi, uzipeleke kunakopokelewa taka za umeme. LED nazo zina saketi, ziende huko huko.

Enaji seva ikivunjika ndani ya nyumba, toa watu na wanyama chumbani, fungua madirisha, uache hewa ipite dakika 10 hadi 15. Usifagie wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi, maana zote mbili huitawanya zebaki hewani. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga uliobaki ubandue kwa utepe wa gundi, pangusa kwa karatasi yenye maji, kisha vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na kutolewa nje.

Rudi kwenye mita

Kwa kalamu isiyofutika, andika tarehe kwenye kitako cha kila LED unayoifunga, na utunze risiti na kisanduku. Dhamana nyingi ni za mwaka mmoja au zaidi, na bila tarehe hutakumbuka ni ipi iliyokufa mapema.

Kisha, jioni uliyomaliza, chomoa tena kila kitu, washa taa zote, simama mbele ya mita. Nilipofanya hivyo kwa mara ya pili nilidhani mita imekwama. Mwanzoni kitaa kilikuwa kinamweka kila baada ya sekunde sita. Safari hii nilisubiri, nikasubiri, na mmweko ulikuja baada ya sekunde 40, nyumba nzima ikiwa inang'aa nyuma yangu.